Kizungu Sio Akili, Lakini Kijue Tu

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio mtu asiseme nimekuja kuhubiri.

Mwaka jana nilipata kazi ya mtandao, kuhariri video za mteja wa Marekani. Pesa ilikuwa poa, na kodi ya nyumba ilikuwa imenifika shingoni. Ijumaa moja jioni akanitumia meseji: "Let's table the last three videos." Nikatabasamu. Si ku-table ni kuweka mezani? Si wabunge wetu kila siku wana-table miswada na ripoti? Nikajua jamaa anazitaka haraka. Nikanunua bando, nikakesha usiku mbili, Jumapili nikamtumia zote tatu zikiwa safi.

Jumatatu akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona nimefanya kazi aliyosema tuiweke kando kwanza. Hizo saa hazikulipwa.

Kumbe Mmarekani akisema "table" anamaanisha ahirisha, achana nayo kwa sasa. Mwingereza, pamoja na sisi tuliorithi bunge lake na Kizungu chake, tunamaanisha kinyume kabisa: leta tujadili. Neno moja, maana mbili zinazopigana. Na mimi, buda, English ya KCSE niliipita vizuri. Haikuniokoa.

Hapo ndio nilianza kujiuliza tulifunzwa Kizungu gani. Kumbuka insha za primary. Kila mtu aliamka "at the crack of dawn". Kila mvua ilinyesha "cats and dogs". Kila mzee alikuwa "as fit as a fiddle", na ukituuliza fiddle ni kitu gani, darasa zima kimya. Tulikariri misemo kama namba za simu, tukapewa alama, tukasonga. Lakini hakuna mtu aliyetuambia kwamba ukiuliza Mmarekani kama anataka chai naye aseme "I'm good", amekataa. Wewe unamwaga chai kwa kikombe, yeye anashangaa.

Misemo iko hivyo kila lugha. Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba binamu yako amepata jiko, atauliza kama ni la gesi ama la makaa. Mwambie fulani ana mkono wa birika, atadhani ni ulemavu, kumbe ni mchoyo tu. Hatumwiti mgeni huyo mjinga. Tunacheka naye, tunamweleza, maisha yanaendelea.

Sasa mbona sisi kwa sisi hatufanyi hivyo?

Hii ndio sehemu inaniuma. Kabla ya hiyo kazi nilikuwa na video yangu moja nikiigiza mtu anaye-shrub. R inakuwa L, L inakuwa R, unajua hizo. Watu walicheka sana, nami nikajiona mkali. Kisha siku moja nikampeleka mathee hospitali. Daktari alimwongelesha Kizungu mwanzo mwisho. Mathee alikuwa anaitikia tu kwa kichwa, yes, yes. Tulipotoka nikamuuliza dawa atameza vipi. Hakuwa ameelewa. Nikamuuliza mbona hakuuliza kwa Kiswahili. Akaniambia, "Mwanangu, ningeongea mngenicheka." Hakusema atanicheka. Alisema mngenicheka, na mimi niko ndani. Video niliitoa usiku huo huo.

Hiyo aibu haikuanza na sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi enzi za ukoloni mtoto akishikwa anaongea Gĩkũyũ shuleni alichapwa ama kuvalishwa kibao cha chuma shingoni kinachomwita mjinga. Mkoloni akaenda, kibao kikabaki. Wengi wetu tulikijua kama disk, na ilizunguka darasani mpaka jioni ikitafuta mwenye makosa. Leo hakuna anayetuvalisha. Tunavalishana wenyewe, kwa vicheko. Na hii ni nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mathee alikuwa na haki ya kuuliza.

Najua kuna msee atasema, basi tuachane na Kizungu. Zii. Hapo sikubaliani. Kazi nyingi zinazotufikia kwa simu zinakuja kwa Kizungu, mikataba pia, na usipoelewa ndio unalaliwa. Kijue, lakini kijue kama fundi anavyojua spana. Fundi hamcheki mtu asiye na spana, na hatembei akiipiga picha.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Kwanza, nimeacha kukimbizana na misemo ya kujionyesha. Nakimbizana na vile viambatisho vidogo vinavyobadilisha kila kitu. "Put off" ni kuahirisha. "Call off" ni kufutilia mbali. "Put up with" ni kuvumilia. Ukichanganya hizo mbili za kwanza, unaweza kukosa mkutano ama kufika mahali hakuna mtu.

Pili, nakariri sentensi nzima, sio neno. Wengi wetu tunaandika "looking forward to hear from you". Ni "hearing". Ukiishika nzima mara moja, hutakosea tena kwa barua ya kazi.

Tatu, nauliza anayeongea ni wa wapi. Mwambie rafiki yako wa Nairobi "You're lost!" ataelewa umemkosa siku nyingi, kwa sababu ni "umepotea" yetu iliyovaa suti. Mwambie mtu wa Chicago, atatoa ramani. Hicho Kizungu chetu sio uchafu. Hata kamusi ya Oxford mwaka 2022 iliingiza maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "sambaza" na "come-we-stay" yakiwemo. Jua tu ni wakati gani unaongea nyumbani na ni wakati gani uko kwa watu.

Nne, na hii ndio kubwa, nauliza. "Just to confirm, do you mean we wait?" Maneno manane. Yangeniokoa usiku mbili na bando. Sikuuliza kwa sababu niliogopa kuonekana sijui. Woga wangu na wa mathee ni ule ule, tofauti ni kwamba mimi niliuvalisha ujuaji.

Kwa hivyo wiki hii nakupa kazi moja. Mtu akikosea Kizungu mbele yako, meza hicho kicheko. Akikuuliza, mweleze polepole. Akinyamaza tu na kuitikia kwa kichwa, mgeuzie lugha, muulize kwa Kiswahili kama ameelewa. Huenda ni dawa anaulizia.

Mathee alishapona, kwa wale watauliza. Majuzi amenitumia voice note ya Kizungu, ame-shrub kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nimeihifadhi.