Kiwanda cha Malton na Mteja Wake Mmoja

Wengi wanaoisimulia habari ya Avro Canada, kampuni iliyounda ndege za kivita karibu na mji wa Toronto kwa muda usiofika miaka 20, huianzia ile Ijumaa ya tarehe 20 Februari 1959, siku ambayo Waziri Mkuu wa Kanada, John Diefenbaker, alisimama katika Bunge la Ottawa akatangaza kuwa serikali yake haitaiendeleza tena Arrow, ndege ya kivita iliyokuwa ikiundwa na kampuni hiyo. Siwalaumu, maana msiba wa siku ile ulikuwa mkubwa na mashahidi wake walikuwa wengi. Lakini naona kwamba anayeianzia habari hapo huwa amekwisha kuipita sababu, na sababu ndiyo inayolipasa kuitazama taifa lolote linalotamani kuwa na viwanda vyake lenyewe.

Pale Malton, karibu na Toronto, katika Vita Vikuu vya Pili, palikuwa na kiwanda cha serikali kilichoitwa Victory Aircraft, ambacho mafundi wake, wake kwa waume, waliunda ndege 430 za mabomu aina ya Lancaster kwa michoro iliyotoka Uingereza. Vita vilipokwisha mwaka 1945, shirika la Kiingereza la Hawker Siddeley lilikitwaa kiwanda hicho likaanzisha kampuni ya A. V. Roe Canada, yaani Avro Canada, nayo ikaazimia jambo ambalo mataifa mengi makubwa kuliko Kanada hayakuthubutu kuliazimia, yaani kuacha kufuata michoro ya wengine na kubuni ndege zake yenyewe, tangu bawa hata injini.

Tunda la kwanza kubwa la azma hiyo halikuwa chombo cha vita. Lilikuwa ndege ya abiria, C-102 Jetliner, yenye injini 4 za jeti, iliyobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi James Floyd, nayo ikaruka tarehe 10 Agosti 1949, wiki mbili tu baada ya Comet, ndege ya abiria ya jeti ya Waingereza, wakati ambapo Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na ndege ya abiria ya jeti hata moja. Mwezi wa Aprili 1950 ilichukua barua kutoka Toronto hadi New York kwa muda usiotimia saa moja, yapata nusu ya muda uliozoeleka katika safari ile, na tajiri Howard Hughes, aliyezijua ndege kama nahodha ajuavyo bahari, aliijaribu kwa mikono yake mwenyewe akatamani kuipata. Kila niisomapo habari ya chombo hiki huingiwa na majonzi, kwa kuwa hakikushindwa angani wala hakikumwua mtu; kilishindwa mezani.

Vita vya Korea vilikuwa vimezuka, na ndege ya kivita ya CF-100, ambayo kampuni ilikuwa imepewa kazi ya kuiunda kwa ajili ya jeshi la anga la Kanada, ilikuwa imechelewa. C. D. Howe, waziri katika serikali ya Kanada, mtu mwenye nguvu na asiyependa kubishiwa, akatoa amri mwaka 1951 kwamba kazi ya Jetliner isimame na mikono yote ielekezwe kwenye CF-100. Kwa hesabu ya mwaka ule amri hiyo ilikuwa na akili, na CF-100 kwa kweli ikaja kuwa ndege nzuri, zikaundwa 692, na 53 kati yake zikanunuliwa na Ubelgiji. Lakini kwa hesabu ya maisha ya kiwanda, amri ile ilikuwa hukumu. Tangu siku hiyo Avro haikuwa tena na chombo cha kuwauzia wasafiri wa dunia. Riziki ya maelfu ya mafundi ikategemea mnunuzi mmoja, naye ni serikali ya Ottawa, ambayo mahitaji yake hubadilika kila uchaguzi na kila hofu mpya inapozuka. Jetliner yenyewe, ile moja iliyokwisha kuruka, ilikatwakatwa mwaka 1956, na wakuu wa kampuni hawakuizuia hukumu hiyo kwa nguvu iliyostahili, kwani fedha ya jeshi ilikuwa nyingi na ilikuja bila ya kutafutwa sokoni.

Ndipo ikaja Arrow, ndege yenye mabawa ya pembetatu, ambayo haiba yake huikiri hata wasiopenda silaha. Ilitolewa hadharani tarehe 4 Oktoba 1957, na kwa kudura ya Mungu siku hiyo hiyo Warusi walirusha setilaiti ya Sputnik, dunia ikaanza kuamini kwamba hatari ijayo itatoka kwa makombora wala si kwa ndege za mabomu. Tarehe 25 Machi 1958 rubani Janusz Żurakowski, Mpolandi aliyepigana katika anga ya Uingereza mwaka 1940, aliirusha kwa mara ya kwanza, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imekaribia mara mbili ya mwendo wa sauti, tena kwa injini za Kimarekani, ilhali injini ya Iroquois, yenye nguvu zaidi, iliyobuniwa pale pale Malton, ilikuwa bado inangojea zamu yake.

Insafu yanilazimu niseme kwamba Diefenbaker hakuwa mpumbavu. Gharama zilikuwa zimepanda mno, Marekani na Uingereza hazikutaka kuinunua, na serikali ya London ilikwisha kutangaza mwaka 1957 kwamba zama za ndege za kivita zenye rubani zinakaribia kwisha. Kiongozi aliyepewa dhamana ya hazina ana haki ya kusema basi. Nisilokubali abadani ni namna basi hiyo ilivyosemwa na yaliyofuata. Wafanyakazi zaidi ya 14,000 walifukuzwa siku ile ile, wakasikia habari kwa vipaza sauti vya kiwandani, na maelfu wengine katika kampuni zilizoiuzia Avro vipuri wakawafuata. Kisha, kwa amri ya serikali na kwa hoja ya kulinda siri za kijeshi, ndege 5 zilizokwisha kuruka, na ya 6 iliyokaribia kukamilika, zilikatwa vipande zikauzwa kama vyuma chakavu, na michoro ikaharibiwa. Kuikatisha kazi ni shauri la bajeti. Kuyafuta maarifa yaliyokwisha kulipiwa na raia ni dhuluma kwa raia hao, na hakuna hesabu ya fedha iwezayo kuihalalisha.

Wenye maarifa waliondoka nayo vichwani mwao. Takriban wahandisi 30 walichukuliwa na shirika la anga la Marekani, NASA, na miongoni mwao James Chamberlin aliongoza kazi ya chombo cha anga cha Gemini, na Owen Maynard akawa mmoja wa wahandisi wakuu wa safari za Apollo za mwezini. Floyd alirudi Uingereza. Kanada nayo, iliyosema kuwa haihitaji tena ndege ya namna ile, ilijipatia ndege 66 za kivita aina ya Voodoo kutoka Marekani mwaka 1961, na makombora ya Bomarc iliyoyapokea yakawa hayana faida bila ya vichwa vya nyuklia, jambo lililozua ugomvi mkubwa uliochangia kuiangusha serikali ya Diefenbaker mwaka 1963.

Mwendo mfupi kutoka Malton, pale Downsview, palikuwa na kampuni nyingine, de Havilland Canada, ambayo haikutafuta fahari ya kuupita mwendo wa sauti. Iliunda Beaver, Otter, na Caribou, iliyoruka mara ya kwanza mwaka ule ule wa 1958, ndege za kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo, na marubani wa porini na majeshi ya mabara yote wakazinunua. Ndizo walizozitumia Wakanada waliokuja kuliasisi jeshi la anga la Tanzania katika miaka ya 1960, na Kenya nayo ilikuwa na Beaver na Caribou zake. Kampuni hiyo ilikuwa na wateja wengi mno kiasi kwamba waziri mmoja asingeweza kuiua kwa hotuba moja. Avro Canada ilipofungwa mwaka 1962, aliyekinunua kiwanda cha Malton, majengo na mitambo, alikuwa de Havilland.