Simu Mpya Haihitaji Saa Nane za Chaji

Ukinunua simu mpya, muuzaji atakwambia uizime, uichaji saa nane, ndipo uiwashe. Mimi naona ushauri huo umepitwa na wakati. Ulifaa betri za zamani za nikeli. Simu za leo zina betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, na hizo hazihitaji kuzoeshwa. Iwashe, itumie, ikipungua ichaji.

Adui mkubwa wa betri hizi ni joto. Huku kwetu Murukulazo, Ngara, anayechaji kwa sola aache paneli juani na simu aiweke kivulini. Usiichaji chini ya mto, na ikipata moto ivue kava. Usingoje izime kabisa: ikifika asilimia 20 ichomeke, ikifika 80 waweza kuichomoa. Kuijaza hadi 100 siku ya safari hakuna ubaya, ila kuiacha imejaa kwenye joto kila usiku kunaichosha mapema. Betri ikivimba, acha kuitumia na usiitoboe.

Hili ni jambo la dini pia. Kwa mwanamke mwenye biashara, ndani ya simu mna oda, vipimo vya nguo, malipo na michango ya kikoba. Ikizima, mteja anakwenda kwingine. Mali tuliyoruzukiwa ni amana, na kuiharibu kwa uzembe ni israfu. Tutunze tulizonazo kabla ya kutamani nyingine.