Hilo Faili Ulilobandika Si Lako

Wasee, tuambiane ukweli. Kuna aina ya msee siku hizi anajigamba ati anaendesha nodi yake mwenyewe ya Bitcoin. Mimi huuliza swali moja tu: hiyo bitcoin.conf uliiandika wewe? Kimya. Halafu: "Nilikopi kwa video fulani, na inafanya."

Inafanya! Hilo neno ndilo linatumaliza.

Nodi haikulipi hata bob. Sababu pekee ya kuhangaika nayo ni ili kompyuta yako ikague kila muamala yenyewe, bila kumuuliza mtu. Sasa wewe umekataa kuamini benki, umekataa kuamini serikali, halafu umeamini mistari thelathini ya mtu ambaye hata jina lake hulijui. Hapo umejipanga ama umepangwa?

Watu hudhani faili la usanidi ni mapambo, kama kubadilisha picha ya skrini. Tazama mstari mmoja unaoitwa blocknotify=. Chochote kilichoandikwa mbele yake ni amri, na kompyuta yako inaitekeleza kila bloku mpya inapofika, yaani takriban kila dakika 10. Ni kitu halali, kimewekwa ndio nodi ikupe arifa. Lakini kama amri imeandikwa na mwingine, umempa kibodi yako akae nayo. Ama connect=. Ukijaza anwani moja hapo, nodi inaacha kutafuta wenzake na kuongea na huyo mmoja tu. Hawezi kukuuzia Bitcoin bandia, maana sheria bado unazikagua, lakini anaweza kukuficha bloku mpya. Mtaa mzima uko na habari, wewe unangoja ya jirani mmoja.

Na wale wa rpcallowip=0.0.0.0/0, maze! Ukiiacha bila kuigusa, Bitcoin Core hupokea amri kutoka kompyuta hiyo hiyo pekee, na nenosiri inajitengenezea yenyewe kwenye faili la .cookie kila ikiwaka. Kukaa bure tu kungekulinda kuliko rpcpassword ambayo kila aliyetazama video ile anaijua.

Usiniambie hakuna mtu anatafuta milango iliyo wazi. Mwaka 2018, watafiti wa 360 Netlab waliripoti kundi lililoiba Ether zaidi ya 38,000, thamani ya zaidi ya dola milioni 20 wakati huo. Mbinu yao? Kuzunguka intaneti wakibisha poti 8545 za nodi za Ethereum zilizoachwa wazi. Hakuna mdukuzi wa sinema hapo. Wenye nodi ndio walioacha mlango wazi.

"Lakini si kila mtu amesomea kompyuta." Hapa ndipo hunikasirisha. Huyo wa video ana diski ya TB 2 na stima isiyopotea. Wewe uko Umoja na leptopu ya GB 256. Blokicheni yote ya Bitcoin imepita GB 600! Unachohitaji ni prune=550: nodi inapakua na kukagua kila bloku tangu 2009, halafu inatupa za zamani na kubakisha karibu MB 550 za bloku. (Kupakua bado ni kule kote, kwa hivyo bando la simu sahau.) Sasa video imekwambia pia uweke txindex=1. Hivyo viwili havikai nyumba moja; nodi inakataa kuwaka, na wewe unatangaza mtaani ati Bitcoin ni ngumu. Si ngumu. Umebandika mistari inayopigana.

Hata dbcache, ambayo kila mtu husema uiongeze ndio upakuaji uende mbio, ni tamu kwa mwenye stima ya uhakika. Hapa kwetu taa zikizima kabla nodi haijaandika yaliyo kwenye kumbukumbu, kazi hiyo inarudiwa. Na waifai ya kushirikiana na majirani inataka maxuploadtarget, la sivyo utaulizwa kwa nini sinema zimekwama.

Andika bitcoind -help, kila mstari umeelezwa hapo, bure. Halafu fungua faili lako leo. Mstari ambao huwezi kunieleza kwa Kiswahili cha kawaida, futa, uwashe nodi tena, uone kama kuna chochote ulichokosa.