Mdomo Umekwenda Upande? Funua Mtandio Utazame Sikio



Sisi kazi yetu ni kushona nguo za harusi. Bibi harusi mmoja alikuja kupima gauni huku sikio linamuuma, malengelenge yamemtoka sikioni mpaka kwenye nywele. Wakubwa wakasema singo imemkataa. Siku ya pili mdomo ukaenda upande, jicho halifumbiki. Hapo ikawa ni husuda. Akazungushwa kwa waganga wiki nzima ndipo akafikishwa hospitali. Harusi alifunga, alhamdulillah, lakini mpaka leo akicheka upande mmoja wa uso haufuati.

Ule ulikuwa mkanda wa jeshi wa sikioni. Mtu akishaugua tetekuwanga, virusi vyake hubaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu. Vikiamka karibu na sikio hutoa malengelenge, na huudhuru mshipa unaoendesha uso. Daktari wa Marekani, James Ramsay Hunt, aliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 1907. Mwaka 2022 ulimpata mwanamuziki Justin Bieber akiwa na miaka 28, kwa hiyo tusiseme ni wa wazee tu.

Mba na vipele vya singo havipoozeshi uso. Cha kuogopa ni malengelenge yenye maumivu, kisha uso ukalegea. Dawa za virusi na za kupunguza uvimbe hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72. Hata uso ukipooza bila kipele chochote, nenda upesi vilevile. Na mkono ukilegea au maneno yakikwama, huenda ni kiharusi. Usingoje hata saa moja.

Kisomo hatukipingi, na husuda ipo. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na kisomo kinasomeka hata ndani ya gari ya kwenda hospitali. Ukifika, mwonyeshe daktari sikio na kichwa, maana chini ya mtandio hataona kitu. Omba daktari mwanamke. Akikosekana, dini yetu imeruhusu kwa dharura. Uliza pia dawa ya matone ya jicho, maana jicho lisilofumba hukauka na kuharibika.

Mama wa maharusi, msiogope maneno ya watu wala tarehe ya ukumbi. Gauni tutalipunguza, tutaliongeza, hata tutalishona upya. Uso wa mwanenu hatuwezi.

Allah atuhifadhi sote. Amin.