Daftari la Mvinyo Nyumbani

Mvinyo wa matunda si kama uji, ambao ukiungua asubuhi unapikwa mwingine mchana. Nanasi lililokamuliwa mwezi wa Januari huonjwa Juni au Julai, na kufikia hapo mwenye kulikamua amekwisha sahau aliweka sukari kiasi gani, alitia hamira ipi, na chombo kilikaa siku ngapi kabla ya kuchujwa. Mvinyo ukitoka mzuri hawezi kuurudia; ukigeuka siki hajui kosa liliingilia wapi. Juma hili, ndugu wasomaji, tuzungumze juu ya chombo ambacho ni rahisi kuliko vyombo vyote vya kazi hii, nacho ndicho kinachosahauliwa zaidi: daftari la kurasa 96 na kalamu ya risasi.

Wasomaji wetu wa jeshi la polisi hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Katika kila kituo kipo kitabu cha matukio. Kila jambo huandikwa humo pamoja na saa yake, lililotendeka, hatua iliyochukuliwa, na jina la mwandishi. Tena huandikwa papo hapo, wala si jioni kwa kukumbuka-kumbuka. Neno likikosewa hupigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Basi daftari la mvinyo na liwe vivyo hivyo. Kila chombo kipewe namba yake, namba hiyo ibandikwe juu ya chombo na iandikwe juu ya ukurasa wake, ili nanasi la Machi lisije likachanganywa na pasheni la Aprili.

Siku ya kwanza ndiyo yenye maandishi mengi. Andika tunda lilitoka wapi, kama ni Kayunga au Luweero au bustani ya nyuma ya nyumba, na lilikuwa limeiva kiasi gani. Andika uzito wake kwa kilo, maji ya tunda kwa lita, na sukari kwa gramu. Usiandike “vikombe vitatu”, kwa maana kikombe cha nyumba hii si kikombe cha nyumba ile, na hata ndani ya nyumba moja kikombe huvunjika kikanunuliwa kingine. Andika pia aina ya hamira, kwani hamira ya mkate na hamira ya mvinyo hazifanyi kazi sawasawa, na joto la chumba asubuhi na mchana.

Mwenye uwezo na anunue haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maji ya tunda na kuonyesha uzito wake. Maji matupu husoma 1.000. Tuseme maji ya nanasi yamesoma 1.050. Yakiachwa hivyo yatatoa mvinyo wa asilimia 7 hivi, nao ni dhaifu, hauhifadhiki. Kwa lita 10 ukiongeza sukari gramu 900, kipimo kitapanda hadi karibu 1.085. Kazi ikiisha na kipimo kikishuka hadi 0.995, toa namba ya mwisho kutoka ile ya kwanza, unapata 0.090, zidisha kwa 131, nawe unajua kwamba kileo ni karibu asilimia 12. Hesabu hii ni ya mtoto wa darasa la saba, lakini haiwezekani kabisa kwa mtu ambaye hakuandika namba ya kwanza. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 za sentigredi. Kwa hiyo andika joto la maji kando ya kila kipimo.

Sasa tufike penye hatari. Wako watu wanaofunga chupa mara tu mapovu yanapotulia. Mapovu hutulia kwa sababu nyingi, hata kwa baridi ya usiku, na sukari iliyobaki huendelea kuchacha ndani ya chupa iliyofungwa. Watengenezaji wa shampeni kule Ufaransa huongeza kwa makusudi sukari gramu 24 hivi katika kila lita kabla ya kufunga, na hewa ya ukaa inayozaliwa humo hupata nguvu inayopita mara mbili ile ya gurudumu la gari dogo. Ndiyo maana chupa zao ni nene mno. Sukari ya kiasi hicho ndiyo tofauti kati ya kipimo cha 1.006 na 0.995. Jicho haliioni. Chupa ya kawaida iliyookotwa baada ya sherehe haiwezi kuistahimili, na vigae vyake havichagui kati ya ukuta na uso wa mtoto aliyelala chumba hicho hicho, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi za kambini. Kwa hiyo pima, andika tarehe na namba. Ngoja siku nne, pima tena. Ngoja nyingine nne, pima mara ya tatu. Namba tatu zikilingana, nazo ziko chini ya 1.000, funga chupa. Zisipolingana, ngoja, hata kama wageni wako njiani.

Juu ya ladha, wengi huandika “mzuri sana” wakatosheka, maneno ambayo hayamsaidii mtu. Louis Pasteur, aliyetakiwa na Napoleon III mwaka 1863 achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa ulikuwa ukiharibika, alitenga ubaya mmoja na mwingine: uliogeuka siki, ulioteleza kama mafuta, uliokuwa mchungu. Kitabu chake juu ya mvinyo kilitoka mwaka 1866. Nasi tuandike hivyo: “unanuka yai viza”, “unakwaruza ulimi”, “una harufu ya tunda lakini ni mwembamba”.

Maisha ya askari ni ya uhamisho. Barua ikija leo, lori laweza kuja kesho kutwa, na chombo cha lita 20 kinachochacha hakisafiri juu ya magodoro. Mama wa nyumbani atamwachia jirani, na jirani huyo hakuwepo siku ya kwanza. Akiachiwa daftari lililoandikwa sawasawa ataendelea kutoka pale mwenzake alipoishia, kama mlinzi anavyopokea zamu. Kwa sababu hiyo nashauri liandikwe kwa Kiswahili, bila vifupisho vya siri, kwani anayeacha aweza kuwa mtu wa Mbarara na anayepokea mtu wa Arua.

Nyuma ya daftari tenga kurasa chache za gharama: sukari, matunda, vizibo, kuni za kuchemshia maji. Hapo ndipo huonekana kama chupa yako ni rahisi kuliko ya dukani au la. Anayetaka kuuza na atafute leseni kwanza, na kukeneka pombe kali ni jambo jingine kabisa lenye sheria yake. Ndugu zetu Waislamu, na wengine wasiotumia kileo, ambao ukurasa huu haukuwahusu mpaka hapa, daftari la namna hii hufaa vilevile kwa achari na jemu.

Nimetaja kalamu ya risasi kwa makusudi. Maji ya nanasi yakidondokea wino, ukurasa mzima hupotea. Tundika daftari kwa uzi kwenye msumari, mbali na meza ya kukamulia, na kalamu yake ifungwe hapo hapo.