Komisionere alipwe na mwenye nyumba

Mjini Goma, komisionere wa nyumba hana mshahara wala mkataba. Anatembea kutwa nzima, kutoka Katindo hadi Ndosho, akimtafutia mwenye nyumba mpangaji. Akimpata, anayemlipa komisyo ni mpangaji, mara nyingi kodi ya mwezi mzima, juu ya garanti. Familia iliyokimbia vita ikabaki na godoro moja itazitoa wapi? Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kuishi kupita miezi 3. Komisionere anayeijua ananyamaza, kwani akisema, watoto wake watalala njaa. Basi anayemtuma ndiye amlipe. Mwenye nyumba anayekula kodi kila mwezi asiwabebeshe waliohama mshahara wa mfanyakazi wake.