TAHARIRI: USIUZE NG'OMBE KABLA HUJAULIZA



Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja, mzee wa miaka 68, alifika ofisini kuomba mkopo wa dharura. Ametupa ruhusa tuandike, ila jina tuliache. Hospitali walimwambia ana saratani ya tezi dume. Ng'ombe wawili alikwisha patana bei, na shamba la bondeni alikuwa akilitafutia mnunuzi. Tukamwuliza, Mzee, fedha hizi ni za matibabu gani? Akajibu, "Hata sijui. Wamesema kansa tu." Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne, hakuna aliyemsomea.

Basi tuseme wazi, wala tusioneane haya. Tezi dume ni kitezi kilichoko chini ya kibofu cha mkojo, kila mwanamume anacho. Uzeeni hukua kwa wengi, mkojo ukatoka kwa shida, na kukua huko peke yake si saratani. Hata kile kipimo cha damu, PSA, hupanda kwa sababu hiyo au kwa maambukizi. Ndiyo maana daktari huchukua vinyama vidogo vya tezi vikapimwe. Kama hukuchukuliwa, uliza kwa nini.

Majibu ya vinyama huja na alama ya Gleason, kwa kawaida kuanzia 6 hadi 10. Ya 6 huenda polepole, ya 9 au 10 ni kali. Jua alama yako, jua PSA yako, na uulize kama ugonjwa umetoka nje ya tezi. Bila hayo matatu huwezi kuamua kitu, utakuwa unaburutwa tu.

Kwa nini? Kwa sababu si kila saratani hii hukimbiliwa kisu. Uingereza waligawa wanaume 1,643 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado ndani ya tezi: wengine walipasuliwa, wengine mionzi, wengine wakawa wanafuatiliwa kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Katika kila kundi, kama watu 97 kwa 100 hawakufa kwa ugonjwa huu. Lakini tusidanganyane. Wale waligunduliwa mapema, na katika waliofuatiliwa, zaidi ya nusu walikuja kutibiwa baadaye. Sisi huku twangoja mpaka mgongo uume ndipo tupande basi.

Uliza pia matibabu yatakuachaje. Upasuaji waweza kuleta kuvuja mkojo na kupunguza nguvu za kiume. Mionzi yaweza kusumbua choo. Ugonjwa ukishasambaa, kazi kubwa ni kuzima homoni ya kiume, kwa sindano za kurudiwa au kwa kuondoa korodani mara moja. Hapo wazee wetu huinuka na kwenda zao, wakisema hawahasiwi. Ni haki yao kukataa. Ila ajue kwamba sindano nazo hupunguza hamu, na kila zamu ina gharama yake. Na mama awepo chumbani kwa daktari, maana yeye naye ndiye atakayeishi na uamuzi huo.

Dawa za miti shamba hatumkatazi mtu. Tunachokataa ni kuuza shamba kwa ahadi ya mtu ambaye hata karatasi hakuisoma.

Tabibu wa zahanati amemsomea Mzee wetu: alama yake ni 7, na mifupa haijapigwa picha. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ameuzwa kwa nauli na vipimo, wa pili amerudi zizini, na shamba halijaguswa. Kamati imepitisha mkopo. Jumatatu anakwenda Bugando, Mwanza, ambako mionzi ipo, yeye na mkewe, na daftari la maswali ambalo mjukuu amemwandikia.

Mwenye karatasi ya hospitali asiyoielewa ailete Alhamisi mchana hapa ghalani, tabibu atakuwepo, na mlango utafungwa. Ila mwenye ugonjwa huu akiona miguu inalegea ghafla au mkojo umeziba, asingoje Alhamisi. Aende hospitali siku hiyo hiyo, gari la ushirika litamchukua.

Mhariri